Tepu ni bei rahisi, lakini hesabu draivu mbili

Ukivuka Sosiani kutoka katikati ya jiji la Eldoret na kuingia Elgon View, unaona miti mirefu, mageti meusi na vibao. Kliniki ya meno. Shule ya chekechea. Wakili. Mpima ardhi. SACCO ndogo. Nyumba zilizojengwa ili familia zilale siku hizi zinaenda kazini. Na ndani ya nyingi ya nyumba hizo, mahali palipokuwa stoo ya unga, kuna kompyuta moja inayonguruma usiku na mchana. Hiyo ndiyo seva. Kando yake kuna UPS ambayo betri yake ilikufa zamani, na juu yake mtu ameweka kikombe cha chai.

Sasa nikuulize wewe unayefanya kazi humo, au wewe kijana unayepigiwa simu kila ikikwama: hiyo kompyuta ikizima leo usiku na isiwake tena, kesho saa mbili asubuhi mtafungua ofisi na nini?

Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa sina jibu. Niliitwa kwenye kliniki moja ya mtaa huo Jumatatu asubuhi. Sitaitaja. Dada wa mapokezi alikuwa ameshika biro na karatasi, foleni imefika mlangoni. Kila faili kwenye seva ilikuwa imebadilishwa jina na haifunguki, na kwenye skrini kulikuwa na ujumbe wa kudai pesa. Nilijipa moyo, kwa sababu bakapu niliwawekea mimi mwenyewe: diski ya nje ya terabaiti mbili, imechomekwa nyuma ya seva, inanakili kila usiku. Nikaifungua. Nayo ilikuwa imefungwa vilevile. Wale jamaa hawakuhitaji hata kuitafuta. Kwa seva, diski ile ilikuwa folda nyingine tu, na kilichoila seva kiliila na diski.

Kilichobaki ni nakala ya miezi saba nyuma, kwenye flashi ya mhasibu, na hiyo aliihifadhi kwa bahati tu. Mama mmoja mjamzito wa miezi minane alikaa kwenye benchi akijaribu kukumbuka majibu ya vipimo vyake kwa kichwa. Daktari mwenye kliniki hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kijana, si uliniambia kuna bakapu?"

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa tepu. Najua unacheka. Kizazi chetu kinajua kaseti kama kitu cha redio ya babu, kile ulichokuwa ukirudisha kwa biro. Lakini mnamo Februari 2011, Gmail ilipopoteza barua pepe za baadhi ya watumiaji wake kwa sababu ya hitilafu ya programu, nakala kadhaa za data hiyo ziliathirika kwa pamoja. Kilichowaokoa ni tepu. Google wenyewe walieleza hivyo, tena walieleza sababu: tepu iko nje ya mtandao, kwa hivyo hitilafu haikuifikia. Kama Google wanatunza kaseti, wewe mwenye kompyuta moja kwenye stoo ya unga usione haya.

Kwangu faida yake kubwa ni hiyo moja. Kaseti ikitolewa kwenye draivu na kufungiwa kabatini haina waya. Mdukuzi awe Moscow au awe Roysambu, hana mkono mrefu wa kufungua kabati. Mengine, kwamba ikitunzwa vizuri inahesabiwa kukaa hadi miaka 30, ni nyongeza tu.

Utaniambia, si tuweke kila kitu kwenye klaudi? Weka. Siipingi. Lakini piga hesabu kwanza. Terabaiti moja kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku tisa za kupakia bila kupumzika, na siku ya balaa ni siku hizo hizo tisa za kuirudisha. Draivu ya tepu ya kizazi cha mwaka 2010 inaimaliza kwa saa mbili hivi, seva ikiwa na kasi. Tena tusisahau Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikaanza kutambaa mtandaoni. Ungekuwa unarudisha data ya wagonjwa wiki hiyo ungelia.

Lakini sitaki ukimbie kununua. Kuna watu hawahitaji tepu, na afadhali niwaambie mapema. Kama data yenu yote, na ninamaanisha yote, iko chini ya gigabaiti 300 hivi, na haiongezeki haraka, usinunue draivu ya tepu. Nunua diski tatu za nje, ziandikeni A, B na C, moja tu ikae kwenye seva kwa wakati mmoja, nyingine mbili ziwe mbali na zipokezane. Kosa langu pale kliniki halikuwa diski. Kosa lilikuwa kuiacha imechomekwa siku zote. Duka la vifaa vya ujenzi lenye stakabadhi na stoku tu litaishi vizuri na diski tatu. Kliniki yenye picha za eksirei na altrasaundi, studio ya video za harusi, mpima ardhi mwenye ramani za droni, hao ndio data yao inapanda kila wiki, na hao ndio naongea nao kuanzia hapa.

Neno utakalokutana nalo ni LTO. Ni aina ya tepu iliyokubaliwa na kampuni kadhaa, ndiyo maana kaseti iliyoandikwa na draivu ya HPE inasomeka kwenye ya IBM au Quantum ya kizazi hichohicho. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ukikuta muuzaji anakusukumia draivu ndogo ya DAT au DDS kwa bei ya mbuzi, mshukuru na uende zako. DAT 72 inabeba gigabaiti 36. Simu yako inabeba zaidi, na siku draivu hiyo ikiharibika utazunguka Luthuli mpaka viatu viishe.

LTO inahesabiwa kwa vizazi. LTO-5 ilitoka 2010, kaseti yake inabeba terabaiti 1.5. LTO-6 ni ya 2012, inabeba 2.5. LTO-7 inabeba 6, LTO-8 inabeba 12, na LTO-9 ya 2021 inabeba 18. Angalia kasha vizuri, kwa sababu kwenye kaseti ya LTO-6 utaona imeandikwa terabaiti 6.25 kwa herufi kubwa. Hiyo ni hesabu ya data iliyobanwa, na picha na video tayari zimebanwa, hazibaniki mara ya pili. Kwa kliniki ya eksirei, 2.5 ni 2.5.

LTO-9 mpya inauzwa kwa maelfu ya dola. Kwa shilingi zetu hapo umeshavuka nusu milioni, na mdosi wako ameshakuonyesha mlango. Kwa hivyo tunashuka kwenye mitumba. Usishtuke, nusu ya seva za Eldoret ni mitumba kutoka ofisi za Ulaya. Draivu ya LTO-5 au LTO-6 iliyotumika hupatikana kwa mamia machache ya dola. Mimi ningechagua LTO-6 kama mfuko unaruhusu, kwa sababu inaandika kaseti za LTO-5 pia na inasoma hadi za LTO-4. Hiyo tabia ya kusoma vizazi viwili nyuma iliishia LTO-7. LTO-8 inarudi kizazi kimoja tu nyuma. Kama unanunua ukitegemea kuja kupanda ngazi baadaye, jua ngazi moja ina tundu.

Hapa kwenye mitumba ndipo vijana wengi huumia, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mtego wa kwanza ni waya. Draivu hizi hazichomekwi kwa USB kama flashi. Zinatumia muunganisho unaoitwa SAS, na seva yako inahitaji kadi yake, ile wanayoiita HBA. Kadi iliyotumika si ghali, lakini kadi ya RAID iliyo ndani ya seva yako mara nyingi haitaitambua draivu ya tepu kabisa, kwa hivyo usijidanganye kwamba "si kuna SAS tayari". Sasa, mtandaoni utaona draivu za bei ya kutupa zilizoandikwa FC. Hizo zinatumia faiba na zinataka kadi yake tofauti. Ndiyo maana ni rahisi, hakuna mtu wa ofisi ndogo anayezitaka. Namjua jamaa aliyenunua moja, ikafika, akakaa nayo mezani wiki mbili akiitazama.

Mtego wa pili ni zile zilizong'olewa kutoka kwa mashine kubwa za kubadilisha kaseti zenyewe, za mabenki na kampuni za simu. Zinakuja bila kasha na bila pawa, na nyingine hazifanyi kazi zikiwa peke yake. Tafuta iliyoandikwa ya nje, yenye kasha lake na pawa yake. Kisha mwombe muuzaji akutumie matokeo ya jaribio. HPE na IBM wana programu zao za kupima afya ya draivu, na muuzaji mwaminifu anazijua. Akikwambia "inawaka taa ya kijani" na hana lingine la kusema, usitume pesa.

Mtego wa tatu wengi hawausikii mpaka umewauma. Tepu haipendi kusubiri. LTO-5 inaandika megabaiti 140 kwa sekunde, na ingawa inaweza kupunguza mwendo, seva ikilisha data polepole sana mkanda unasimama, unarudi nyuma, unaanza tena, unasimama tena. Ukiisikia inaguna hivyo usiku kucha, jua inajila. Dawa yake ni kukusanya bakapu kwanza kwenye diski moja ya haraka ndani ya seva, kisha kuimwaga kwenye tepu kwa mkupuo. Na ubadilishe betri ya ile UPS. Agosti 25, 2023 taa zilizimika hadi uwanja wa ndege wa JKIA, sembuse Elgon View.

Vumbi nalo. Januari ikikauka vumbi la murram huingia kila mahali, hata kwenye chumba chenye dirisha lililofungwa. Weka draivu mbali na sakafu, nunua kaseti moja ya kusafishia, na uitumie taa ya kusafisha inapowaka tu. Kusafisha kila wiki kwa bidii kunakula kichwa cha draivu.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Karibu kila anayeniuliza "draivu gani ya bei rahisi?" anauliza bei ya moja. Bei ya moja ni uongo. Kaseti bila draivu ni plastiki. Moto ukiwaka kwenye ile stoo, au radi ikipiga, au mwizi akiingia, seva na draivu vinaondoka pamoja kwa sababu viko kwenye meza moja. Unabaki na kaseti kumi nzuri kabisa kabatini kwa mdosi, na hakuna mashine ya kuzisoma. Hapo ndipo unaanza kuagiza nyingine kutoka ng'ambo, wiki mbili, tatu, kliniki imefungwa. Kwa hivyo unaponunua LTO-6 ya mtumba, nunua mbili. Ya pili ijaribiwe siku inapofika, ifungwe na kadi yake na waya wake, ikae kwenye nyumba nyingine.

Hesabu bado inakubali. Tuseme umepata LTO-5 mbili za dola 250 kila moja, kadi mbili na nyaya za dola 120, kaseti kumi za dola 25. Hiyo ni dola 870, kama shilingi 113,000 dola ikiwa 130. Ongeza usafiri, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mzigo, uko karibu na laki moja na nusu au zaidi kidogo. Ni pesa, sikatai. Ni pesa ya kiti kimoja cha daktari wa meno kilichotumika. Lakini bado ni chini ya theluthi moja ya draivu moja mpya ya kisasa. Na kama mdosi atasema ana pesa ya draivu moja tu, basi mwambie kwa upole kwamba ana pesa ya diski tatu, A, B na C. Nusu ya mpango wa tepu ni mbaya kuliko mpango mzima wa diski.

Programu si tatizo. Kwenye Linux kuna tar ya tangu zamani, kuna Bacula, zote bure. Kuanzia LTO-5 kuna pia LTFS, inayofanya kaseti ionekane kama flashi, unaburuta faili na kuziweka. Washa usimbaji wa AES ambao draivu hizi zimekuwa nao tangu LTO-4, kwa sababu kaseti yenu itasafiri kwa boda na boda huanguka. Nenosiri lake liandikwe kwenye karatasi, likae mahali tofauti na kaseti. Nimeona watu wameliweka ndani ya seva. Ndiyo, ndani ya seva ileile.

Na sheria haikusahau. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, inataka anayezishika aweze kuzirudisha kwa wakati zikipotea kwa ajali, na inampa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data ikiwa zimevuja na kuna hatari kwa wenyewe. Rekodi za ushuru nazo unatakiwa kuzitunza miaka mitano. "Kompyuta iliharibika" haimo kwenye orodha ya visingizio.

Sisi wa huku hatufai kuwa wa mwisho kwa haya. Februari 2001, pale Mosoriot, mwendo mfupi tu kutoka Eldoret, kituo cha afya cha mashambani kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa, zikisaidiwa na UPS na betri za sola. Kazi iliyoanzia hapo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ambayo leo inatumika katika hospitali za nchi nyingi. Walifikiria stima itakatika kabla haijakatika. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, kliniki ya Elgon View yenye geti la umeme haina hata nakala moja nje ya ua.

Wewe kijana wa kompyuta, bila cheti kama mimi au ukiwa nacho, kuna kitu kimoja zaidi cha kudai kabla hujagusa hiyo kazi: siku ya kurudisha. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata isiyofaa, na walipokimbilia bakapu zao za aina tano wakakuta hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliifanya saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Hao ni watu wanaouza programu kwa dunia nzima. Kwa hivyo dai siku moja kila mwezi, iandikwe kwenye makubaliano, ulipwe kwa hiyo siku. Unachukua kaseti yoyote bila kuchagua, unaiweka kwenye draivu ya pili, unarudisha folda moja kwenye kompyuta nyingine, unamwita mwenye biashara afungue faili kwa mkono wake. Akikataa kulipia siku hiyo, usikubali kuitwa mtu wa bakapu. Lawama itakuja kwako hata hivyo, afadhali isije na jina hilo.

Ile kliniki siku hizi ina LTO-6. Kila Ijumaa jioni nesi mmoja anatoa kaseti, anaandika tarehe kwa kalamu, anaenda nayo kwa Daktari, Kapsoya. Ijumaa ya mwisho ya mwezi naenda kurudisha. Mara ya kwanza ilifeli kwa sababu nilikuwa nimenakili folda isiyo yenyewe, na nilishukuru kuligundua siku isiyokuwa na foleni. Mwezi uliopita picha ya eksirei ya goti ilifunguka, Daktari akaitazama, akasema, "Huyu mzee tayari anatembea."

Draivu ya pili bado haijanunuliwa. Anasema tungoje Januari.